Mama Mkunga na Ukoo wa Nondo Chui

Mwanamke aliyekwenda kujifungua katika zahanati ya Matongo, miaka ile ya hamsini, alikuwa na hakika ya mambo mawili. Ataoshwa kwa maji ya moto mpaka alalamike, na ataulizwa kama njiani ameona nondo. Maswali mengine, uchungu umeanza lini na mtoto anacheza upande gani, yalifuata baadaye.

Aliyeuliza alikuwa Mama Mkunga. Jina lake alikuwa nalo kama watu wote, ila sisi hatukulitumia na yeye hakulidai. Alikuja kwetu akiwa tayari mtu mzima, na alipoulizwa ametokea wapi alijibu, "Nimetokea barabarani, si umeniona nikija?" Tukaona basi, tumwache na barabara yake.

Mimi nilikuwa jirani. Mume wangu alikuwa seremala, karakana yake iko nyuma ya zahanati, na jiko langu lilitazamana na jiko la Mama Mkunga. Mengi ninayoyasimulia niliyaona kwa macho. Yaliyobaki niliyasikia kupitia ukutani, kwa sababu mama yule hakujua kunong'ona. Hata siri za wagonjwa alizitunza kwa kunyamaza kabisa. Akifungua mdomo tu, mpaka wachimba dhahabu kule mashimoni wangegeuka.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na alivaa mabuti ya mpira masika na kiangazi. Alikuwa na baiskeli ya kiume aliyoipanda kwa kuegemea kichuguu. Nyuma alifunga sanduku la kazi yake, na juu ya sanduku alifunga chupa za mdomo mpana zenye matundu kwenye vifuniko. Watoto walipomwona kwa mbali hawakusema mkunga anakuja. Walisema, "Chupa zinakuja!"

Hakuwataka nondo wote. Wale wa kijivu wanaojigonga kwenye taa aliwafagia kama takataka. Alitaka ukoo mmoja: wale wanene, wenye mabawa ya madoa na mistari na tumbo jekundu, au la manjano kama kiini cha yai. Watoto wa ukoo huo ni viwavi wenye manyoya marefu, wale ambao ukiwagusa utajikuna mpaka jua lizame. Wazungu, alituambia, wamewapa jina la chui mwenye milia wa huko Bara Hindi. Jambo hilo lilimkera kweli.

"Mnyama huyo hajawahi kunywa maji ya Mara," alisema. "Mdudu amezaliwa Matongo, amekula majani ya Matongo, halafu aitwe kwa jina la mnyama asiyejulikana hapa? Huyu ni nondo chui. Chui tunaye."

Elimu hiyo aliipata kwa daktari mmoja mzee aliyefanya naye kazi zamani, ambaye alikusanya wadudu kama wengine wanavyokusanya stempu. Daktari alipostaafu na kurudi kwao, alimwachia kioo cha kukuzia na kitabu cha picha. Kitabu kilikuwa cha nondo wa Ulaya, na hakuna hata mmoja aliyefanana na wa kwetu. Mama Mkunga alikipenda hivyo hivyo. Alisema kinamfundisha mambo ya kuangalia: mishipa ya bawa, vipapasio, miguu ya nyuma. Majibu atayatafuta mwenyewe.

Akayatafuta. Ukutani chumbani kwake alitundika shuka la marekani lililofunika ukuta mzima. Alikuwa ametarizi mto Mara kwa uzi wa buluu kukata shuka katikati. Upande wa juu akashona vilima vya Tarime kwa uzi wa kijani, na upande wa chini akashona nchi inayoshuka kuelekea Mugumu na Ikoma kwa uzi wa rangi ya nyasi kavu. Kila nondo alimbana kwa pini mahali pale pale alipopatikana. Ukisimama mbele ya shuka lile uliona kwamba yule mweupe mwenye madoa mekundu na meusi, anayeruka mchana kwenye maua ya manjano ya marejea, yuko kila mahali, ng'ambo hii na ng'ambo ile. Yule mkubwa wa manjano mwenye mikanda myeusi alijaa vilimani tu, na kusini ya mto hakuwepo hata mmoja.

"Hapendi joto la kule," alisema mume wangu, ambaye alipenda kutoa maoni.

"Au hajapata mtumbwi," alisema Mama Mkunga. "Au mimi ndiye sijaangalia vizuri. Ukiona mahali patupu kwenye shuka langu, baba Ghati, maana yake ya kwanza ni kwamba mwaka huu hakuna mwanamke wa huko aliyejifungua kwangu."

Ilikuwa kweli. Mkusanyo wake ulifuata mimba. Kilipozaliwa kitoto, ndipo pini ilipochomwa. Wanawake walipokuja kupimwa waliomba kwanza kuonyeshwa shuka, na mtu akikuta kijiji chake hakina kitu alinung'unika kama amenyimwa nyama kwenye arusi. Mwanamke mmoja wa ng'ambo ya mto, mwenye hasira za aina hiyo, alirudi baada ya juma akiwa na kibuyu kilichozibwa kwa majani. Ndani mlikuwa na nondo chui hai. Mama Mkunga alimbeba mwanamke yule, mimba na vyote, akazunguka naye uani.

Siku ya kumzaa Ghati wangu nilikuwa nimelala pale kitandani, nimeshika vyuma, nimekwisha kata tamaa na dunia. Ghafla Mama Mkunga akapaza sauti, "Usisukume!"

Nikaganda. Nikadhani mtoto amekaa vibaya. "Kuna nini, mama?"

"Hakuna kitu. Mtoto yuko vizuri. Tulia kidogo tu, pumua."

Nilifumbua macho. Mkono wake mmoja ulikuwa juu ya tumbo langu, imara, mahali unapotakiwa kuwa. Mkono wa pili ulikuwa umenyooka kuelekea pazia, umeshika bilauri, na kwenye pazia alitua nondo mwenye tumbo jekundu. Aliisogeza bilauri polepole, ulimi umetoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Akamfunika. Kisha akanigeukia na uso wa ushindi, akasema, "Haya sasa, wewe na mimi." Nilianza kucheka. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na Ghati akazaliwa katikati ya kicheko kile. Mpaka leo akiwa na huzuni haimkai.

Watu wenye mapenzi makubwa huwa na visirani vyao. Yeye aliyelea viwavi kwa mkono aliwaogopa popo vibaya sana. Popo akiingia ndani yeye alitoka, hata kama uji uko motoni. Mende aliwaua bila huruma. Alitukemea sisi kwa kucha chafu, halafu ukifunua sufuria yake nzuri, ile ya wageni, ungekuta viwavi wamelala juu ya majani ya maharage. Hakuweza kuimba hata kidogo. Kanisani alikaa mbele na kuimba kwa nguvu zote, na padri, mtu mpole, alijifunza kuanza mahubiri mapema.

Kosa halikumtia aibu, na katika hilo sijakutana na mwingine kama yeye. Kwa miaka alikuwa ametutambulisha nondo wawili wa vilimani kama watu wa nyumba mbalimbali: mmoja wa manjano kabisa, mwingine wa kahawia mwenye doa jeupe. Alikuwa na sababu zake, na alizieleza kwa yeyote aliyesimama. Kisha siku moja jike la kahawia likataga mayai ndani ya chupa. Aliwalea watoto wote mpaka wakawa viwavi, wakajifunga, wakalala. Walipotoka, madume yote yalikuwa ya manjano na majike yote ya kahawia. Mama mmoja, baba mmoja.

Nilimsikia akipiga kelele nikadhani ameungua. Nilipofika alikuwa amesimama mlangoni na mabuti yake, ameshika boksi juu ya kichwa.

"Mama Ghati! Nimekosea!"

"Umekosea nini?"

"Nimewatenganisha mume na mke! Miaka yote hii! Njoo uone nilivyokosea!"

Akalizungusha boksi lile nyumba kwa nyumba akitangaza kosa lake kama mtu anayetangaza mahari ya binti yake. Mahali pote alirudia neno lile lile: sura inadanganya, tazama nani kamzaa nani. Jioni hiyo alichomoa pini, akawaweka wawili wale pamoja kwenye shuka, akawaomba radhi.

Lakini mwaka mmoja furaha hiyo nusura izimwe.

Mvua zilichelewa, kisha zikaja zote kwa pamoja. Majani yaliota kwa haraka, na nyuma ya majani wakaja viwavi. Walitambaa kama maji yaliyomwagika, weusi, wenye mistari, wakala malisho mpaka ardhi ikabaki tupu, kisha wakaingia kwenye mtama. Ng'ombe walisimama wanalia. Na watu, katika shida ile, wakakumbuka kwamba nyuma ya zahanati kuna mwanamke anayefuga viwavi katika maboksi. Maboksi yenyewe aliyatengeneza mume wangu, kwa hiyo nami nilianza kusalimiwa nusu.

Ukaitishwa iritongo, mkutano wa wazee wetu. Aliyesimama kusema alikuwa Mzee Marwa, mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale. Wajukuu wake wote walipokelewa na mikono ya Mama Mkunga, na mkwe wake mwingine alikuwa karibu kujifungua. Haikuwa rahisi kwake, nilimwona.

"Mama Mkunga," alisema, "umetupokelea watoto, hatukatai. Lakini mtu anayefuga fisi asishangae mbuzi wakipotea. Tunaombwa na watu wetu tukwambie uende."

Nilitazama wanawake wenzangu. Kutoka pale hadi kwa mkunga mwingine ilikuwa safari ya kutwa nzima.

Mama Mkunga alisimama, akamwita baba kwa lugha yetu. "Shikamoo, tata. Ni kweli ninafuga. Ila ninaowafuga si hawa."

"Kiwavi ni kiwavi."

"Na ng'ombe ni ng'ombe? Wakichanganyika na wa jirani mnadani, unarudi nyumbani na yeyote?"

Watu wakacheka kidogo. Mzee Marwa hakucheka, aliwaza. "Ng'ombe wangu nina alama yake sikioni. Alama yako iko wapi?"

Mama Mkunga akatoa viwavi wawili, mmoja wa shambani na mmoja wa boksini, akawaweka juu ya jani mbele ya mzee. "Huyu ni mtupu, laini. Wangu ana manyoya."

Mzee akawagusa wote wawili kwa kidole. Akajikuna. Akawaza tena. "Mwanakondoo ukimnyoa anakuwa mtupu. Nitajuaje kwamba hawa si wako walionyonyoka?"

Mkutano ukaangua kicheko, lakini Mama Mkunga aliinua mkono watu wanyamaze. "Hapana, msicheke. Ameuliza vizuri. Siwezi kumjibu mpaka tuwaone wakiwa wakubwa."

Kabla hajakaa, kijana mmoja akapenya katikati ya watu akiwa na tawi la maharage. Viwavi waliokuwa juu yake walikuwa na manyoya, marefu, mekundu. "Na hawa wanaokula maharage yangu ni wa nani?"

Mama Mkunga akalichukua tawi, akatoa kioo chake mfukoni, akaangalia. Aliangalia kwa muda mrefu. Nilijua ameshaona, na nilijua angeweza kusema lolote, maana nani pale angembishia?

"Huyu ni wa ukoo wangu," alisema. "Sikumleta mimi. Lakini ni wa ukoo huo huo."

Minong'ono ikapanda. Mzee Marwa alimkazia macho. "Kwa nini umekubali? Umejiumiza."

"Kwa sababu ni yeye, tata."

Nadhani neno lile ndilo lililomwokoa, kabla ya ushahidi wowote. Mzee akaamua hivi: maboksi mawili yatengenezwe, la viwavi watupu na la wenye manyoya, na yatakaa nyumbani kwake, chini ya macho yake, ili mtu asifanye ujanja. Watakapotoka wakubwa, iritongo itakaa tena. Mpaka hapo Mama Mkunga asiondoke wala asijione amebaki.

Alianza kufunga vitu vyake polepole, kwa heshima ya uamuzi. Nilimsaidia kukunja nguo. Shuka hakuligusa. Asubuhi aliamka akaongoza wanawake kwenda shambani kwa yule kijana, wakachambua viwavi wenye manyoya mmoja mmoja kwa kutumia majani, wakaokoa maharage. "Jamaa zangu hawa," alisema, "nitawatoa mwenyewe."

Kilichotokea nyumbani kwa Mzee Marwa hakuna aliyekitegemea. Mzee alianza kuwapenda. Kwanza aliwalisha kwa sababu ni kesi, na kesi haifi njaa. Kisha akawa anaamka mapema kuwatafutia majani laini mwenyewe, akawafokea wajukuu wasitikise maboksi. Siku moja nilimwona akija mbio, mtu ambaye hatukuwahi kumwona akikimbia hata simba alipoingia zizini. Blanketi lilikuwa limemwanguka begani.

"Mama Mkunga! Wale watupu wamejifukia kwenye udongo! Na mmoja wako anajinyoa! Anang'oa nywele zake anajifumia nyumba!"

"Ndiyo, tata," alisema Mama Mkunga, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa ndogo. "Ndivyo wanavyofanya."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungesema nimekuroga uone hivyo."

Yapata majuma mawili baadaye mzee mwenyewe ndiye aliyeitisha mkutano. Alikuja na maboksi chini ya blanketi, akayafunua moja moja kama mtu anayefungua chungu cha samli. Katika la kwanza walikaa nondo wa rangi ya vumbi. Katika la pili alikaa mmoja, mweupe kama maziwa mabichi, tumbo lake jekundu kama shanga, na alipofungua mabawa wanawake wakapiga vigelegele bila kuambiwa.

"Hawa ni koo mbili," alisema Mzee Marwa. "Hawafanani wakiwa watoto, hawafanani wakiwa wakubwa, hata nyumba wanajenga tofauti. Mama huyu hana kesi. Ila mimi nina dai." Tukaogopa. "Huyu wa tumbo jekundu nimemlea mimi. Naye abanwe kwenye shuka lile, na abanwe mahali pa boma langu, si pa mtu mwingine."

Mama Mkunga alicheza. Alicheza na mabuti yake katikati ya wazee, jambo ambalo mwanamke halifanyi, na hakuna aliyemkataza. Jioni mkwe wa Mzee Marwa alijifungua mapacha, na mzee akadai hilo nalo lihesabiwe.

Alikaa nasi misimu mingine kadhaa, kisha akahamishiwa ng'ambo ya mto. Tulimsindikiza mpaka mtoni.

Nilimwona tena muongo ule ukielekea ukingoni. Nilikwenda kumsalimia dada yangu aliyeolewa karibu na mto Manchira, na huko nikaambiwa mkunga yule ameacha kazi, anaishi hapo hapo, na ameolewa. Nilisema wamekosea mtu. Asubuhi nikaenda kuona.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, amejaa mvi. Nilimwamkia, akageuza uso upande wa sauti, na nikaona ukungu katika macho yake. Alinitambua kabla sijajitaja, akanikumbatia mpaka kanga yangu ikafunguka.

"Ni kweli umeolewa, mama?"

"Si unamwona? Yuko wapi? Mimi naona kivuli tu, lakini ni kivuli kirefu, kizuri."

Mumewe, mgane mmoja wa Ikoma, mzee mtaratibu, alitoka vichakani wakati ule ule. Alikuwa amekunja viganja kwa uangalifu. "Nimepata," alisema.

"Rangi?"

"Jeupe. Yaani huyu mdudu, mweupe. Ana madoa."

"Madoa mangapi?"

"Mengi."

"Mengi! Mama Ghati, umesikia mtu niliyeolewa naye? Mengi! Yako wapi hayo madoa?"

"Juu yake," alisema mzee, na nikaona anajikaza asicheke. Nilifahamu kwamba anajua kuyahesabu madoa yale vizuri sana, na kwamba mchezo huu waliucheza kila asubuhi.

"Mlete." Alimpokea kwa vidole viwili, taratibu, kwenye mizizi ya mabawa. Nilidhani atamleta karibu na macho. Alimpeleka sikioni. Akainamisha kichwa upande, na uso wake ukaanza kung'aa. Kisha akaninyooshea. "Sikiliza na wewe."

Nikasogeza sikio. Nondo yule, kwa kubanwa, alikuwa anatoa povu la manjano mabegani, na povu lile lilichemka kwa mlio mdogo, kama samli inayoanza kushika moto kikaangoni. Kwa miaka yote niliyokaa karibu na mama huyu sikuwahi kujua kwamba nondo anaweza kusema neno.

"Kumbe unawajua kwa sauti sasa?" nikauliza.

"Nimemjua huyu tu na ndugu zake," alisema, akicheka, povu linamchuruzika vidoleni. "Wengine bado wako kimya. Nawasubiri."

Akafungua vidole, nondo akaruka, na mimi na mumewe tukamwambia kwa zamu alikoelekea mdudu yule.